Ada ya Chuo na Mbuzi Wawili wa Akika

Watu wa Wembley waliokuwapo ukumbini siku ile, wakikutana na mie njiani hawanisalimii kwanza, hucheka kwanza, ndipo salamu ikafuata. Nshazoea. Na kwa kuwa kila mmoja wenu hapa keshaisikia habari hii kwa mdomo wa mtu mwengine, na huko njiani imetiwa chumvi mpaka wapo wanaosema nilitolewa nje na polisi (uongo mtupu, polisi walikuwapo Wembley kwa ajili ya mpira, hawakuwa na habari na mie), basi bora niieleze mwenyewe, angalau aibu iwe yangu yote na isiwe ya kuongezewa.

Mie London nilikuja mwanafunzi. Chuo changu kilikuwa ghorofa ya juu ya duka la mazulia, na ukipanda ngazi unanusa kuku wa kukaanga wa duka la jirani mpaka unafika darasani huna hamu ya kusoma, una njaa tu. Nilisomea uongozi wa biashara, nikamaliza, nikasomea uongozi wa juu wa biashara, nikamaliza, kisha wakanipa uongozi wa juu zaidi, na mwalimu ni yuleyule na vitini ni vilevile, jalada ndo limebadilishwa rangi. Lakini ada, jamani, ada ilikuwa ya kweli. Ada ya mgeni, ile ambayo mtoto wa hapa ukimtajia anadhani ulikuwa unalinunua jengo lenyewe.

Basi katika hali hiyo nikampenda Salma, na Salma (sijui aliona nini) akanipenda. Salma kazaliwa hapahapa Queensbury, Kiswahili anakisikia chote lakini hujibu kwa Kiingereza, isipokuwa akikasirika kwelikweli, hapo ndipo Kiswahili humtoka, tena kinatoka safi, cha Mkunazini, mtaa wa wazee wake. Baba yake, Mzee Khatibu, alitoka Unguja baada ya Mapinduzi, kijana ndevu hazijamkaa vizuri, akaendesha mabasi ya London mpaka akastaafu, na kwa maoni yake mtu anayesema anasoma kila mwaka halafu humuoni na kitabu mkononi, huyo hasomi, huyo anajificha. Alituozesha kwa sababu mwanawe kataka. Akakaa, akaitikia, akala pilau, na akiwa anasafisha mikono akawaambia waliokaa naye, kwa sauti ya mtu asiyejali nani anasikia, "Kijana huyu hakuoa mke. Kaoa pasipoti."

Maneno hayo yalizunguka London yote kuliko mabasi yake. Na mbaya zaidi, muda mfupi baada ya harusi viza yangu ikabadilishwa kweli, kutoka ya mwanafunzi ikawa ya mume wa mtu, kama sheria inavyosema, na kila aliyenipongeza alinipongeza kwa jicho la pembeni. Mzee hakukanyaga kwangu. Akitaka kumuona mwanawe anamwita kwake. Salma nilikuwa nikimuona akitoka kwa baba yake na macho mekundu, ananambia ni mafua. Mafua ya kiangazi hayo.

Akazaliwa binti yetu, Rukia. Salma akenda kwa baba yake akamwomba jambo moja tu: tutafanya akika, mtoto achinjiwe mbuzi, tutasoma maulidi, na yeye ndiye ambebe mtoto wakati wa kisimamo, watu wakiinuka kumsalia Mtume, amzungushe kwa watu watiwe marashi, kama ilivyo kwao. Sasa mnaelewa maana yake. Mzee akimbeba mtoto wangu mbele ya watu wote, keshanikubali, maneno yake ya pasipoti yamekufa. Asipokuja, au akija akakaa na mikono yake mfukoni, basi tena, nitakuwa mwizi wa karatasi mpaka siku nazikwa. Mzee alimjibu mwanawe, "Nitakuja. Kubeba, nitaona."

Hapo ndipo ilipoingia akili yangu, na akili yangu ikiingia mahali hapana budi watu waumie.

Nina binamu yangu, Seif, anaendesha malori Marekani, yuko Ohio. Seif ana dawa ya kila jambo na zote anazitoa kwa ujumbe wa sauti, akiwa barabarani, upepo unavuma, huku anatafuna kitu. Akasikia viza yangu imebadilika, akanitumia sauti ndefu kwamba mie ni mjinga, nimekalia pesa, kwamba mtu ukishatoka kwenye uanafunzi ukawa mkaazi, gharama zako za chuo unazidai kwenye kodi, yeye kadai, karudishiwa, kanunua televisheni ukubwa wa mlango. Nikaisikiliza ile sauti, nikairudia, na kila nikiirudia naona haki yangu inazidi kuwa kubwa.

Mie siku za kazi niko ghalani Park Royal, kodi inakatwa humohumo kwenye mshahara, na mwisho wa wiki nasambaza vifurushi kwa gari yangu, biashara yangu mwenyewe, kwa hivyo kila mwaka hujaza hesabu za kodi kwenye kompyuta. Nikakaa nikajaza. Kwenye sehemu ya gharama za biashara nikamimina ada yote ya chuo, vitabu, laptopu, nauli za treni, na (Mungu anisamehe) suti niliyovaa siku ya kupokea cheti. Kompyuta haikuuliza kitu. Ikajumlisha, ikaona biashara yangu ya vifurushi imepata hasara ya kuliza, ikahukumu kwamba kodi niliyokatwa ghalani ilikuwa nyingi mno, na baada ya muda pesa ikaingia benki. Ikaingia kweli, mie mwenyewe nikaiona. Sasa nani atanambia nimekosea, na serikali yenyewe imelipa?

Na alikuwapo wa kumuuliza, hilo ndo linaloniuma mpaka leo. Jirani wa Mzee Khatibu pale Queensbury ni Bi Jyoti, Mhindi wa Mombasa, kazi yake miaka yote ni kutengeneza hesabu za kodi za wenye maduka, na Kiswahili chake kinakushinda wewe na mie. Ningempigia simu ningepata jibu kabla chai haijapoa. Sikumpigia. Nilijiambia Bi Jyoti atamwambia mzee, na mie nilitaka mzee aipate habari hii kwangu, kwa mshindo, aone mkwe wake ni mtu anayeijua nchi. Huo ndo uamuzi wenyewe mdogo, wa kutokupiga simu, na yote yaliyobaki yalitoka humo.

Nikaishika ile pesa nikafanya akika ya kumtoa mzee kamasi. Mtoto wa kike mbuzi mmoja anatosha, kila mtu anajua, mie nikachinjisha wawili. Nikachukua ukumbi Wembley, tena kwa bei ya kutupa, nikajiona hodari wa biashara, kumbe bei ni ya kutupa kwa sababu siku ile kuna mechi uwanjani na mwenye ukumbi anajua hakuna mtu mwenye akili atakayeukodi. Mabasi yamekwama, barabara zimefungwa, washabiki wamejaa mpaka kwenye bustani za watu. Wageni wakafika mmojammoja, wamelowa jasho, wengine wamekuja kwa miguu kutoka Neasden na majuba yao. Mzee Khatibu alifika wa mwanzo (dereva wa zamani, anazijua njia za nyuma zote), kavaa kanzu na koti, akakaa mbele kabisa, kanitolea salamu fupi. Kwa upande wa wanawake Bi Jyoti akakaa na Salma. Lakini sheikh wa kusoma maulidi, hayupo. Akapiga simu, yuko ndani ya basi, basi haliendi mbele wala nyuma, na dereva hafungui mlango.

Watoto wanalia njaa, watu wanaangalia saa, biriani inanukia. Nikaamua watu wale kwanza, maulidi yatafuata. Wakala. Wakasifu. Hata mzee nilimuona anachukua mfupa wa pili. Nikaona moyo wangu unapanda, na badala ya kukaa nikashukuru Mungu kimyakimya kama binadamu wenzangu, nikasema wacha niwachangamshe kidogo kabla sheikh hajafika. Nikachukua maikrofoni.

Salma aliniangalia kwa mbali, akatikisa kichwa. Nilidhani ananambia niongeze sauti.

Nikaanza vizuri. Nikawashukuru waliokuja, nikawaombea dua wagonjwa. Kisha ulimi ukapata mteremko. Nikasema, ndugu zangu, wengi wetu hapa tunaumia na hatujui haki zetu. Mie nimelipa ada ya chuo miaka na miaka, ada ya mgeni. Lakini siku nilipomuoa Salma karatasi zangu zikabadilika, na karatasi zilipobadilika nikaidai ada yangu yote kwenye kodi, na imerudi, mpaka suti. "Kwa hivyo nakwambieni, wazee wangu, ndoa hii imenilipa. Hata hao mbuzi mnaowala ni humohumo."

Nilisubiri wapige makofi. Nikasikia kijiko kimoja kimewekwa kwenye sahani, kisha chengine.

Mzee Khatibu akafuta mkono polepole kwa karatasi. "Kwa hivyo," akasema, wala hakuhitaji maikrofoni, "mwanangu kakurudishia ada yako."

"Hapana, baba, siyo Salma," nikasema mbio. "Ni karatasi zake."

Wallahi nilisema hivyo. Kwenye maikrofoni. Kuna mtu nyuma alipaliwa akapigwa mgongo. Nikamuona Salma anainuka na mtoto mkononi, na kwa Kiswahili, jamani, kwa Kiswahili kilichonyooka, akasema, "Othman. Weka hicho chombo chini, kaa kitako." Hapo mwenye akili angekaa.

Lakini Bi Jyoti keshasimama na yeye, kavaa miwani yake. "Ngoja kwanza, kijana wangu. Nani aliyekwambia ada ya chuo yarudi kwa kodi?"

"Inarudi, Bi Jyoti. Ukishabadilisha karatasi inarudi."

"Nimefanya kazi hii tangu wewe hujazaliwa. Hapa hairudi, ubadilishe karatasi, ubadilishe na jina. Wewe wapeleka vifurushi. Chuo cha uongozi chaingiaje kwa vifurushi? Nani kakufunza?"

Mzee anangoja, Salma ananiangalia, ukumbi mzima unaniangalia, nikaona dawa ni ushahidi. Nikatoa simu nikaitafuta sauti ya Seif. Na simu ile ndiyo niliyoiunga na spika za ukumbi, kwa ajili ya kaswida. Nikabonyeza. Seif akavuma kwenye spika zote nne, na upepo wake na kutafuna kwake.

"Mwanangu Othman, sikiliza, acha ushamba. Ukishakuwa mkaazi, pesa za chuo unazidai, mie nimerudishiwa nikanunua televisheni ukubwa wa mlango. Hii ni sheria ya hapa Amerika, mie mwenyewe nimedai hapahapa Ohio. Huko kwenu Uingereza sijui, uliza."

Akasema "uliza". Ilikuwamo. Miezi yote ile nimeisikiliza sauti ile, na kila nikifika kwenye televisheni nazima. Nikabonyeza kuifunga, haifungi, vidole vina mafuta ya biriani, na Seif anaendelea.

"Na huyo baba mkwe wako bado kanuna? Mtafutie mbuzi, mwanangu. Wazee wale wa mabasi wanapenda nyama kuliko watoto wao. Mpe mguu mzima uone kama hakucheka."

Mguu mzima ulikuwa kwenye sahani ya mzee. Nilimchagulia mwenyewe.

Nikachomoa waya wa spika kwa kuukanyaga, Seif akakatika, na palepale mlango ukafunguliwa, sheikh akaingia kajaa jasho, akatoa salamu, akapewa sahani na mtu asiyefikiri, akatia tonge mdomoni. Mtu mmoja akamuuliza palepale, sheikh, mtu akila akika iliyonunuliwa kwa pesa ya serikali iliyochukuliwa kwa makosa, hukumu yake ni nini. Sheikh akaacha kutafuna. Akatuangalia sote, akaiangalia sahani, akawa hajui ameze au ateme, maskini, na kwa kweli swali lile halikuwa na heshima hata kidogo kwa mtu aliyefungiwa ndani ya basi mchana mzima.

"Mimi nimekula bajia tu," akasema Bi Jyoti, akakaa.

Sheikh akameza. Akasema waliokula bila kujua hawana dhambi. Aliyechukua lazima arudishe, tena asingoje kuulizwa. Na akika ni ya mtoto, mtoto hana kosa, mbuzi hao walipiwe kwa pesa isiyo na shaka, akika itasimama.

Nikafungua mdomo kusema nitalipa, na palepale nikakumbuka sina cha kulipia, kimekwisha kwenye ukumbi na mchele. Watu wakaanza kuangalia viatu vyao. Salma alikuwa kasimama bado, kamkumbatia mtoto, na machozi yanamtoka wala hasingizii mafua. Nilimuona nikajua kwamba hii si aibu yangu peke yangu, kwamba yeye ndiye aliyenitetea miaka yote kwa baba yake, akisema mume wangu si mtu wa hivyo, na mie nimeshika maikrofoni nikamfanya muongo mbele ya watu wote anaowajua duniani. Nilitamani ile mechi iingie ukumbini itukanyage.

Mzee Khatibu akainuka. Nikasema haya, anaondoka, na akiondoka anaondoka na mwanawe na mjukuu wake. Akapita mbele yangu hakuniangalia. Akenda mpaka kwa Salma, akanyoosha mikono, akamchukua Rukia. Akamuweka kifuani, akamfunika na koti lake, akageuka.

"Mbuzi ni wangu," akasema. "Babu akichinja inafaa?"

"Inafaa," akasema sheikh.

"Basi." Kisha akaniangalia, mara ya kwanza tangu harusi ameniangalia usoni. "Nakuombeni radhi nyote. Miaka hii yote silali. Nasema mwanangu katapeliwa, kaolewa na mjanja, kijana kaja na mipango yake, kamtumia, atapata karatasi atamuacha. Nimesema maneno hayo mbele yenu." Akamtikisa mtoto kidogo. "Sasa nakuulizeni, tapeli gani huyu? Tapeli si lazima ajue yuko nchi gani?"

Mwanzo alicheka Bi Jyoti. Kisha wazee wa mbele, kisha ukumbi wote, kicheko kile cha kupiga meza, na sheikh naye akicheka huku anaomba maghufira. Salma alikuwa analia na anacheka, kajifuta kwa mtandio, ananiangalia. Na mie nimesimama na maikrofoni iliyokufa, nacheka pia, kwa sababu utafanya nini. Mtu huyu hana akili ya kuoa pasipoti, hiyo ndiyo hukumu iliyonitoa. Shahada zangu zote tatu hazikunisafisha jina, limesafishwa na ujinga wangu, tena hadharani.

Tukasoma maulidi. Kwenye kisimamo mzee alimzungusha mjukuu wake mstari kwa mstari, hakumpa mtu mwengine ambebe hata alipochoka.

Kesho yake nilikuwa jikoni kwa Bi Jyoti, Queensbury, na kompyuta yangu, akanirekebishia hesabu zote, na kila akifuta kitu anakisoma kwa sauti ili mumewe asikie chumba cha pili. Alipofika kwenye suti alivua miwani akapumzika. Pesa ya watu wa kodi nimeirudisha, na riba yake, kwa kusambaza vifurushi mpaka mgongo unaniuma mpaka sasa, na mzee amekataa katakata nimlipe mbuzi wake. Siku hizi huja kwangu kila Ijumaa, bila kupiga simu, anakula, anabeba mjukuu, na akiwa na mgeni ananitambulisha: "Huyu ndiye mkwe wangu. Hesabu hajui, lakini usimuogope."

Nami naitikia, naam baba, namtilia chai. Kwa sababu nimeapa, na nyinyi ni mashahidi, kwamba sijifanyi mjanja tena mbele ya mzee yule maisha yangu yote. Siku atakayonishuku tena kwamba nina akili, nimekwisha.